Nchi ya Watu-Joka Mguuni Pangu

Mwezi uliopita mjukuu wangu alianguka na pikipiki, nikampeleka kufungwa plasta. Kijana wa hospitali alipoloweka zile bandeji kwenye beseni, harufu ya chokaa yenye uvuguvugu ilinijia puani, ikabidi nitafute pa kukaa. Mjukuu alidhani naogopa damu. Nilikuwa nimerudi kwenye wodi ya watoto ya hospitali ya misheni, ni msichana wa miaka kumi, mguu wangu wa kulia mweupe kutoka pajani hadi vidoleni, na juu yake imechorwa nchi nzima kwa penseli za rangi.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka miaka ile ya ngano. Sisi tulikuwa watu wa kijiji cha Daudi, watu wa juu milimani: mahindi, maharage, ng'ombe wachache wanaolala ndani ya nyumba, na kanisa kila Jumapili. Lakini baba alikuwa amepata kazi kule chini, tambarare za Hanang, akiendesha trekta kwenye shamba la ngano la serikali. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, nguo zikinuka dizeli, na alitusimulia mambo ya kule kama mtu aliyetoka ng'ambo. Alisema ukianza kulima mstari mmoja baada ya uji, unafika mwisho wake jua likiwa kichwani. Alisema pia kwamba kabla ya trekta kufika walikuja kwanza Wazungu wenye karatasi kubwa na penseli za rangi, wakachora. "Walipopaka njano," alisema, "ndipo tulipolima." Maneno hayo niliyashika vizuri mno, na ndiyo yaliyoniponza baadaye.

Likizo moja baba alikubali nimfuate kambini. Siku ya tatu nilidandia tela la magunia, jambo ambalo tulikuwa tumekatazwa, nikateleza, gurudumu likanipita juu ya mguu. Mfupa wa chini ya goti ulivunjika sehemu mbili na kidonda kikaingia usaha. Daktari alinifunga plasta mguu mzima, kisha akakata kidirisha cha mraba kwenye muundi ili kidonda kisafishwe kila asubuhi. Mguu uliwekwa juu ya mito miwili. Nikaambiwa nitalala hapo mpaka nitakapochoka, na nikichoka nitaendelea kulala.

Kitanda cha pili kilikuwa na msichana wa Kibarabaig, kabila la wafugaji wa tambarare zile, aliyeitwa Udamanga. Mfupa wa paja lake ulikuwa unaoza kwa ndani, kwa hiyo alilala ubavu mmoja tu, uso wake umenielekea mimi, asubuhi mpaka jioni. Mama yake alikaa sakafuni kando yake. Alivaa sketi ya ngozi na bangili za shaba zilizojaa mkono, na kuzunguka macho yake kulikuwa na duara za alama zilizochanjwa tangu ujana. Alinuka samli na moshi. Kwetu tulizoea kuwaita watu wake kwa jina ambalo wenyewe hawakulipenda, na tulifundishwa kuwaogopa. Kwa wiki mbili nzima sikumpa yule mama hata shikamoo. Nilijiambia kwamba hajui Kiswahili. Ukweli ni kwamba sikutaka.

Ndipo alipokuja Heza.

Heza alikuwa binti wa Mzungu mmoja, mtaalamu wa mbegu kule kwenye ngano. Mama yake alikuwa nesi, na mara tatu kwa wiki alikuja kusaidia wodini kwetu, naye Heza akaja naye ndani ya Landrova kwa kuwa kambini hakukuwa na mtoto mwingine wa miaka yake. Alikuwa na miaka kumi na mbili, uso umejaa madoadoa, na Kiswahili alichojifunza jikoni kwao, kwa hiyo kila alichosema kilikuwa kama amri. Siku ya kwanza alisimama katikati ya vitanda vyetu akasema, "Mimi iko na mchezo. Kaka yangu ameenda shule mbali. Nyinyi mtacheza."

Alitoa kwenye mfuko kitabu kilichochakaa, daftari la miraba, penseli za rangi, na dadu la bluu ambalo sijaona lingine mfano wake. Halikuwa na pande sita. Lilikuwa na pande ishirini, kila upande na namba yake, na ukilirusha lilizunguka muda mrefu kabla halijaamua. Akafungua kitabu akatuonyesha picha. Ilikuwa ya mtu aliyesimama wima, ana magamba, ana mkia, na kuzunguka macho yake magamba yamejipanga duara, duara juu ya duara.

"Hawa ni watu-joka," Heza akasema. "Wamefukuzwa kwao. Wanatembea tu. Hawana nchi. Sisi tatu tutawapa nchi."

Nilikuwa nimesoma katekisimu, nilijua joka ni nani. Nikajifunika shuka hadi kidevuni. Udamanga hakuogopa hata kidogo. Aliitazama picha kwa makini, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, "Ng'ombe wao wako wapi?"

"Hawana ng'ombe."

"Basi si watu."

Heza aliangalia kitabu chake, hakuona jibu humo. Mwishowe akampa Udamanga dadu. "Rusha. Namba ikiwa kubwa, wana ng'ombe." Udamanga alirusha juu ya blanketi lake, likaja kumi na nane, na watu-joka wakapata ng'ombe wengi wenye nundu.

Nchi ilianza kuchorwa kwenye daftari, lakini Udamanga hakuweza kuinuka na daftari likiwekwa kitandani kwangu hakuliona. Alichoona vizuri ni mguu wangu tu, uliokuwa juu ya mito mbele ya macho yake kama ukuta uliopakwa chokaa. Heza alinitazama. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniomba chochote kwa wiki mbili isipokuwa kunyoosha mkono nichomwe sindano. Vidole vyangu vikawa milima ya kaskazini. Goti likawa mlima mkubwa, mrefu kama Hanang, wenye wingu. Na kile kidirisha cha kidonda kikawa ziwa.

"Maji yananuka," Udamanga akasema, na alikuwa sahihi. Akafikiri kidogo. "Ni magadi. Ng'ombe watalamba chumvi." Kidonda changu kikawa na kazi.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakiwaza, mcheke mkitaka. Nilimwona Mzungu, binti wa Mzungu wa ngano, ana penseli za rangi, anachora nchi na kuuliza ipewe nani. Niliona picha ya watu wenye duara kuzunguka macho, waliofukuzwa kwao. Nikageuza macho kwa mama yake Udamanga pale sakafuni. Basi, nikajua. Watu-joka ni jina ambalo Wazungu wamewapa Wabarabaig, na ramani hii ni ya kweli. Baba yake Heza amemtuma. Tukimaliza, ataipeleka kwake, na trekta zitafuata rangi zilipo.

Na kama ni hivyo, nilikuwa na jambo la kulinda. Baba yangu alikula kwa ngano. Sare ya shule ilitoka kwenye ngano. Siku ya tatu ya mchezo nilichukua penseli ya njano nikapaka kuanzia kifundo cha mguu mpaka karibu na goti, pande zote mbili za ziwa, bila kuinua mkono.

Udamanga alinyoosha kidole chake chembamba. "Hapa ni njia ya kwenda majini."

"Ni ngano," nikasema.

"Hapa ni njia ya chumvi."

"Ni ngano."

"Hapa amelala babu." Kidole kilikuwa katikati ya muundi, juu kidogo ya ziwa. "Hapa halimi mtu."

Heza alifurahi. Kwake huo ulikuwa mchezo umenoga. Akatoa hukumu: kila mmoja arushe dadu, mwenye namba kubwa achukue mahali pale. Nikarusha, likaja kumi na moja. Udamanga akarusha, likazunguka, likazunguka, likaja nne. Nikaichukua penseli ya njano. Lakini Udamanga alilamba kidole gumba, akanyoosha mkono wake wote kuvuka nafasi ya vitanda, ingawa niliona machozi ya maumivu yakimlenga, akaanza kuifuta rangi yangu.

Nikasema neno ambalo nalionea aibu mpaka leo. "Futa tu. Baba yangu atalima."

Hakunijibu kwa hasira. "Najua," akasema. "Mababu walikuwa wawili. Mmoja trekta limeshapita juu yake. Huyu ni wa pili."

Mama yake sakafuni aliacha kusuka kamba aliyokuwa anasuka. Heza akatutazama mmoja baada ya mwingine, na madoadoa ya usoni mwake yakaonekana zaidi kwa kuwa ngozi ilikuwa imepauka. "Lakini huu ni mchezo," akasema. "Watu-joka hawapo. Ni wa kitabu."

"Hawapo?" nikauliza.

"Hapana."

Udamanga akauliza taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo. "Baba yako hajui kwamba tumechora?"

"Hajui."

Ndipo nilipotambua kwamba Udamanga naye alikuwa ameamini kama mimi. Wakati mimi napigania ngano, yeye kwa siku tatu alikuwa anaomba ardhi ya kwao irudi, njia moja baada ya nyingine, kwa adabu, kwa namba za dadu. Hakulia. Alifanya jambo ambalo daktari alikuwa amemkataza, alijigeuza ubavu wa pili, ule mbovu, akatupa mgongo.

Heza aliondoka mbio. Siku mbili baadaye alirudi bila mfuko wake, akasimama mlangoni. Alisema amemweleza baba yake habari za kaburi, na baba yake amesema yeye ni mtu wa mbegu, mipaka huchorwa na wengine. Alilisema hilo akitazama viatu vyake. Wiki ile ilikuwa ndefu wodini. Nilitazama njano mguuni pangu na nilitamani kujikuna chini yake.

Aliyeanza tena ni Udamanga. Asubuhi moja, baada ya kusafishwa kidonda, nilimkuta amenigeukia kama zamani. "Wale watu," akasema. "Bado wamesimama njiani?"

"Watu gani?"

"Wenye magamba. Wana watoto. Tumewaacha juani."

"Heza alisema hawapo."

"Najua hawapo," akasema, kama anayemwelewesha mtoto mdogo. "Lakini sisi ndio tuliowaambia watapata nchi."

Heza alipokuja tulimtuma akachukue mfuko kwenye Landrova. Aliufuata mbio na kurudi mbio. Na hizo wiki nne zilizofuata, ndugu zangu, nashukuru kwamba nilivunjika mguu nikazipata. Sasa tulijua ni mchezo, na kwa kuwa tulijua, tuliucheza kwa dhati. Mimi nilijua kilimo cha juu, nikawafundisha watu-joka kutengeneza matuta na kuweka mbolea ya ng'ombe. Udamanga aliwapa njia pana za mifugo, akaweka na mahali pa kusubiri ng'ombe wanyonge. Heza aliwapa mabawa, lakini tukakubaliana yawe ya kurukia wakati wa mafuriko tu, la sivyo wangekuwa wavivu. Ngano ilibaki, lakini tuliihamishia nyuma ya paja, kipande kimoja cha njano ambacho sikuweza kukiona mwenyewe. Na juu ya ziwa Heza alichora vichuguu viwili vyeusi, vilivyo sawa kwa ukubwa. Tulitunga sheria tatu, na mbili nimezisahau. Ninayoikumbuka aliitoa Udamanga: mgeni akija na jembe, aulize kwanza nani amelala hapa.

Ilikuwa kwenye siku hizo nilipompa mama yake shikamoo. Akaitikia "marahaba" safi kabisa, kisha akacheka na binti yake kwa lugha yao. Kumbe Kiswahili alikijua siku zote.

Baba alikuja kuniona Jumapili, kama kawaida yake, ana chupa ya maziwa ya mgando na makande ndani ya bakuli. Hakuwa mtu wa kuwauliza watoto maswali. Lakini siku hiyo aliinama akausoma mguu kutoka vidole hadi juu, na mimi nikamweleza kwa majivuno, hapa milima, hapa ziwa la magadi, hapa njia.

"Na hivi vyeusi?"

"Makaburi. Hayalimwi. Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Yetu sisi watatu."

"Nani alisema kuna makaburi?"

Nikaelekeza kwa midomo upande wa Udamanga. Baba alinyooka, akavua kofia, akamwendea yule mama, na kwa mara ya kwanza tangu nilazwe alimsalimia. Alimsalimia kwa Kibarabaig. Miaka yote ile sikujua kwamba baba yangu anaijua lugha hiyo. Alichuchumaa pale sakafuni wakazungumza muda mrefu. Katika maneno yao nilitambua moja tu, trekta. Mama yake Udamanga alinyanyua vidole viwili, kisha akakunja kimoja. Akaelekeza dirishani, upande wa tambarare, akaeleza kwa mkono kama mtu anayeonyesha mti, korongo, kilima. Baba aliitikia kwa kichwa. Aliondoka bila kula makande, naye si mtu wa kuacha chakula.

Jumapili mbili zilizofuata hakuja. Alikuja mama kutoka Daudi, uchovu wa safari umemkaa usoni. Nilipomuuliza baba yuko wapi alisema baba ameondolewa kwenye trekta, sasa yuko ghalani anashona magunia.

"Amefanya nini?"

"Utamuuliza mwenyewe."

Sikuhitaji kuuliza. Nilijua ni kwa ajili yangu. Nilidandia tela lililokatazwa, na sasa wamemwadhibu baba. Hatia hiyo niliibeba peke yangu, usiku na mchana, na ilikuwa nzito kuliko plasta.

Siku ya kukatwa plasta ilifika, nifungwe nyingine fupi. Muuguzi alikuja na mkasi mkubwa kama wa kukatia bati, akakata kuanzia pajani, kupitia ngano, kupitia mlima. Nchi ikafunguka pande mbili kama ganda la karanga. Nilimwomba kipande chenye vichuguu viwili. Alinipa, nami nikamnyooshea Udamanga. Nilidhani nimetoa kitu kikubwa.

Alikishika, akakigeuza akaona upande wa ndani ulivyochafuka, akanirudishia. "Hii ni chokaa," akasema. "Nchi yenyewe naijua." Kisha, amelala vilevile ubavu, aliitaja yote mdomoni, kutoka milima ya kaskazini mpaka chini, kila njia na kila kisima, bila kukosea mahali. Heza alisikiliza mdomo wazi.

Udamanga aliruhusiwa kabla yangu. Walikuwa wamemtoa kipande cha mfupa, akaondoka na gongo, akiruka kwa mguu mmoja, hakutazama nyuma. Heza aliondoka baada yake. Walimpeleka shule huko alikokwenda kaka yake. Alikuja kuniaga, akatafuta maneno, akayakosa, akaniwekea mkono kichwani kama askofu. Sikumwona tena. Sijui kama aliwahi kuelewa alichotupatia. Tulikuwa wasichana wawili tusioweza kutembea, katika nchi ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza msichana mpaka upite wapi, akaja mtoto mpweke mwenye dadu, akatuuliza. Nimekaa kwenye kamati za shule, nimekaa kwenye baraza la ardhi la kata, nikazungumza mbele ya wanaume wenye sauti kubwa. Nilijifunzia kitandani pale.

Baba ndiye aliyekuja kunichukua, kwa lori la shamba lililokuwa linashuka mjini Katesh. Nilikaa katikati yake na dereva, mguu umenyooshwa, nikikwepa macho ya baba kwa sababu ya hatia yangu. Ngano ilikuwa imeshavunwa, mabua matupu pande zote hadi macho yanapochoka. Mahali fulani baba alimwomba dereva asimame. Alinishusha akanibeba mgongoni, tukaingia shambani.

Mbele ya mabua yale kulikuwa na kipande kipya kilicholimwa karibuni, na katikati yake duara la majani marefu ambayo hayakuguswa. Mistari ya jembe ilikuja moja kwa moja, ikafika pale, ikapinda kama mto unavyokwepa jiwe, kisha ikanyooka tena. Katikati ya duara kulikuwa na kichuguu kirefu cha udongo wa kale.

"Niliomba kubadilishana zamu na mwenzangu ili nilime mimi kipande hiki," baba akasema. "Msimamizi aliniambia nirudi nipite katikati. Nikamwambia trekta langu haliwezi."

"Kwa hiyo si kwa sababu ya tela?"

"Tela gani?"

Nililia mgongoni kwake nikiwa nimeuficha uso, na yeye aliniacha nilie, akatembea taratibu.

Kumbe baba alikuwa amewatumia habari: Udamanga alikuwepo, ameegemea gongo lake, na mama yake alikuwa anaweka majani mabichi juu ya kaburi. Nilimwamkia yule mama, akaitikia. Alifuta mikono kwenye sketi yake ya ngozi, akanikaribia pale nilipokuwa mgongoni kwa baba, akanishika kidevu. Kisha akanitemea mate kifuani, mepesi, kama umande, mara mbili. Nilishtuka. Nikainua mkono nijifute.

Baba aliushika mkono wangu kwa upole. "Usifute," akasema. "Amekubariki."

Sikufuta. Tulisimama pale, baba na mimi, Udamanga na mama yake, mpaka upepo wa tambarare ukanikausha wenyewe.